SUPU YA KUKU HAIKUMNYANYUA MDOGO WANGU

Msomaji wangu, ushawahi kumwona kijana wa miaka 26, mcheza soka wa mtaani, akishindwa kunyanyua kikombe cha chai? Mimi nimemwona, tena ni mdogo wangu wa tumbo moja.

Ilikuwa mwaka 2022. Nimonia ilimbana, akalazwa chumba cha wagonjwa mahututi siku 12, mashine ikimsaidia kupumua. Kila jioni nimo kwenye daladala na hotpoti ya supu ya kuku wa kienyeji. Kila jioni sista ananirudisha nayo.

"Dada, huyu hali kwa mdomo. Analishwa kwa mpira."

Nikiutazama ule mpira mwembamba puani, na mapaja yake yanavyokwisha, najisemea: hawa wanamuua kwa njaa! Siku moja uvumilivu ukanishinda, nikamtolea uvivu sista wa watu.

Wala hakununa. Alinivuta pembeni akanieleza kwamba mwili ukizidiwa na ugonjwa huitafuna misuli yake wenyewe ili upate protini ya kupigania uhai. Na mtu akilala bila kusogea, ndiyo inakwisha upesi. Chakula cha kwenye mpira huanzishwa mapema, kwa kawaida ndani ya siku mbili za mwanzo, lakini hakizuii hasara yote. Baadaye nikaja kusoma kwamba watafiti wa London walipima msuli wa paja wa wagonjwa mahututi 63, wakatoa matokeo mwaka 2013. Kufikia siku ya 10 ulikuwa umepungua kwa karibu asilimia 18!

Basi bwana, tukaruhusiwa. Nyumbani ndipo nilipoharibu. Uji, soda, supu, halafu alale. Akijaribu kusimama, nakuja juu: "Tulia wewe, mgonjwa!" Mashavu yakajaa, miguu ikabaki njiti. Usiku mmoja akashindwa kufika chooni, akajikojolea mlangoni. Jamani, mwanaume mzima alilia, na mimi nikalia.

Tuliporudi kliniki, mtaalamu wa mazoezi ya viungo akanipa ukweli mkavu: chakula bila mazoezi hakirudishi msuli. Akatupangia mayai, dagaa, maharage na maziwa, protini kila mlo. Na zoezi la kukaa kitini na kuinuka mara tano, asubuhi na jioni, huku nimemshika.

Wiki ya kwanza aliinuka mara mbili tu, jasho linamtoka. Ilichukua miezi minane kurudi uwanjani, na mpaka leo dakika 90 hamalizi. Lakini kikombe anashika mwenyewe, na chooni anakwenda mwenyewe.

Yule sista nilimfuata nikamwomba radhi. Alicheka tu, akauliza, "Na supu yangu iko wapi?"

Wewe mwenye mgonjwa, usimwonee huruma ya kumlaza. Muulize daktari: ale nini, na aanze lini kusimama?