Niandikie

Jumatatu ni tahajia: maneno kumi ya kukariri, kesho yake mwalimu anayasoma moja moja na darasa linaandika bila kuchungulia. Jumanne ni sarufi. Jumatano ni ufahamu, kifungu kimoja na maswali manane. Alhamisi ni insha, nayo inapewa wikendi nzima kwa sababu ndiyo nzito. Ijumaa hakuna kazi mpya ya kubeba nyumbani, kwa sababu Ijumaa ni siku ya kuongea: wanagawanywa katika vikundi, wanasomeana insha zilizosahihishwa, na mwalimu anapita katikati ya madawati akisikiliza. Vipindi vitano kwa wiki, dakika 40 kila kimoja. Hivyo ndivyo Kiingereza cha Gredi ya 8 kinavyokwenda katika shule moja ya umma hapa kwetu Kayole, na ratiba hiyo naijua kuliko ninavyoijua yangu mwenyewe.

Naijua kwa sababu ngazi zilizo nje ya mlango wangu ndizo za pekee kwenye ploti zenye taa inayowaka. Ikifika saa kumi na mbili jioni watoi wanne au watano wanakuja na vitabu vyao, wanakaa kwenye vidato, na kabla ya robo saa kuisha mlango unagongwa. "Anko, hii inaandikwa aje?" Nilitoka chuo mwaka wa pili karo ilipokwama, na tangu hapo naandikia watu mtandaoni chochote kinacholipa. Kwa watoto wa ploti, mtu anayelipwa kwa kuandika Kiingereza ni sawa na mwalimu asiye na kiboko.

Sisi wa 8-4-4 tulisoma Kiingereza kwa njia nyingine. Mlima wetu ulikuwa KCPE, mtihani ulioanza 1985 na kufanywa mara ya mwisho 2023. Insha ilikuwa dakika 40, alama 40. Mara nyingi ulipewa sentensi ya kuanzia, ukaambiwa uendeleze. Kwa hivyo tulijiandaa kwa kuweka akiba. Kila mtu alikuwa na daftari la misemo, na misemo hiyo iliingia kwenye insha iwe inafaa au haifai. Tuliamka tukiwa wazima kama fidla, chombo ambacho hakuna mtu mtaani aliyewahi kukishika. Jogoo aliwika nje ya dirisha, na sisi tuko ghorofa ya nne. Mjomba alirudi kutoka ng'ambo, tukaenda kumpokea uwanja wa ndege na gari la baba. Kila insha ilikuwa na gari la baba.

Ukiziangalia vizuri utaona kulikuwa na nchi nzima iliyoishi ndani ya insha zetu. Watu wake walikuwa na lango, bustani na mbwa mwenye jina. Hakuna aliyebeba maji kwa mtungi. Hakuna aliyepanda 19/60 akiwa amesimama. Hakuna mama aliyeuza kitu barabarani. Na kwa vile Kiingereza ndicho kilichokuwa na alama, tulizoea kwamba ukiingia ndani yake unawaacha watu wako mlangoni, kama viatu.

Hilo halikuanza na sisi. Ngũgĩ wa Thiong'o, kwenye kitabu chake *Decolonising the Mind* cha 1986, anaeleza jinsi mtoto aliyesikika akiongea Kikuyu shuleni alivyopigwa au kuvishwa kibao chenye maneno ya kumdhalilisha. Uhuru ulikuja, na 1964 Tume ya Ominde ikapendekeza Kiingereza kitumike kufundishia tangu darasa la kwanza. Baadaye sera ikalegezwa, watoto wa madarasa ya chini wafundishwe kwa lugha ya eneo lao, ambayo hapa mjini ni Kiswahili. Lakini kibao hakikwenda mbali. Sisi tulikiita diski, na huku Eastlands kosa letu halikuwa Kikuyu wala Kiluo. Ilikuwa Sheng.

Kisha ukaja Mtaala wa Umilisi, ambao kila mtu anauita CBC. Uliingia madarasa ya chini 2019, na 2023 wanafunzi wake wa kwanza wakafika Gredi ya 7, Sekondari Msingi. Jambo moja ulilolileta ni kumwingiza mzazi darasani. Mzazi sasa anatarajiwa ashiriki: atafute vifaa, aende saiba akaprinti picha, aangalie kazi, atie sahihi. Ni wazo zuri, na mimi nalipenda. Shida yake, hasa kwenye Kiingereza, ni kwamba linadhania aliye nyumbani anakisoma.

Chini ya ploti yetu kuna kibanda cha mboga, na mwenye kibanda sote tunamwita Mathe. Alisoma mpaka darasa la tano huko Ukambani. Kiswahili anasoma polepole akifuata kwa kidole, na hesabu hakuna wa kumdanganya. Binti yake ndiye wa kwanza kufika kwenye ngazi zangu kila jioni. Ni mtoto makini. Amesikia kwamba matokeo ya mwisho wa Gredi ya 9 hayatokani na mtihani mmoja tu, kwamba tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8 zinachangia asilimia 20, na tangu asikie hivyo kila zoezi kwake ni mtihani. Si kila kazi ya wiki inahesabiwa humo, lakini nenda umwambie hivyo mtoto wa miaka 13.

Alhamisi moja kazi ilikuwa hii: mhoji mzazi au mlezi wako kuhusu kazi anayofanya, uandike maswali sita na majibu yake kwa Kiingereza, kisha mzazi atie sahihi. Jumamosi jioni binti akaniletea ikiwa imekamilika. Mwandiko safi, kila koma mahali pake. Mama wa kwenye karatasi alikuwa meneja wa supamaketi. Aliamka saa moja, akanywa chai na mayai, akaendesha gari hadi kazini. Alipenda kazi yake kwa sababu ilimwezesha kuhudumia taifa. Nilitafuta kosa la sarufi sikulipata.

"Mathe ameiona?"

"Atasaini tu, Anko. Huwa anasaini tu."

Kesho yake jioni nilikuwa kibandani nikichagua nyanya, binti akaja na kitabu na kalamu. Kawaida Mathe huweka kitabu juu ya kreti, anaandika jina lake na kuendelea na wateja. Siku hiyo alipangusa mikono kwenye leso akanipa mimi.

"Kijana, nisomee kwanza. Kuna mama wa chama chetu aliitwa shule juu ya kitu alisaini na hakujua kimesema nini."

Binti aliniangalia kwa jicho ambalo mtu yeyote aliyewahi kuwa na miaka 13 analijua. Nikamrudishia kitabu. "Mwenye kuandika yuko hapa. Msomee mum, kwa Kiswahili."

Akaanza kwa sauti ya chini. "Swali la kwanza. Unafanya kazi gani? Mimi ni... meneja wa supamaketi."

Mathe aliendelea kukata sukuma. "Supamaketi gani?"

"Haina jina."

"Endelea."

"Unaamka saa ngapi? Naamka saa moja asubuhi—"

Hapo kisu kikasimama. "Saa moja! Na mboga za huyo meneja zinanunuliwa Marikiti na nani?"

Mteja mmoja akacheka. Na mimi nikacheka. Binti hakucheka, macho yalikuwa yamejaa machozi. Mama yake alipoona hivyo, sauti ikashuka.

"Wenzako, mama zao wote ni mameneja?"

"Hapana."

"Sasa?"

"Ni Kiingereza tu, mum. Huwa tunaandika tu hivyo."

Nimeandikia watu kwa Kiingereza miaka kadhaa sasa, na sijasikia mtu akilieleza jambo hili kwa maneno machache kuliko hayo. Hakuwa anamwonea mama yake haya. Alikuwa ameelewa somo vizuri sana, kama tulivyolielewa sisi, kwamba Kiingereza ni mahali ambapo mama yake hayupo.

Mathe akavuta kreti tupu. "Kaa hapo. Niulize hayo maswali moja moja. Na usinijibie."

Ilichukua saa nzima, kwa sababu wateja hawakuacha kuja. Anaamka saa tisa na nusu usiku. Anapanda matatu ya kwanza hadi Marikiti, ambako yeye na wanawake wengine wawili wananunua kreti moja ya nyanya na kugawana, kwa sababu peke yako bei inakumaliza. Mvua ikizidi nyanya zinaadimika, jua likizidi sukuma inakauka kabla ya jioni, na mteja hataki kusikia habari ya hali ya hewa. Swali la nne liliuliza anapenda nini katika kazi yake. Alifikiria akifunga dhania kwa uzi. "Napenda saa moja jioni. Watu wanashuka kwa matatu, wote wana haraka, na mimi najua kila mmoja anataka nini kabla hajafungua mdomo."

Swali la sita lilikuwa changamoto. Hakufikiria. "Niandikie."

Kama hujaishi huku, nieleze. Mtu anakuja kibandani, anachukua sukuma ya ishirini, kitunguu na hoho, kisha anasema, "Mathe, niandikie." Maana yake sina pesa leo, weka kwenye kitabu. Mathe anacho hicho kitabu, cha kurasa 48, kile kile wanachouza dukani kwa ajili ya shule. Kila mtu wa ploti yumo. Wengine wako kwa jina, wengine kwa namba ya nyumba, mmoja ameandikwa "Kofia". Mimi ni "Kijana wa juu", na wiki hiyo nilikuwa shilingi 340, kwa sababu mteja wangu wa mtandaoni alikuwa anachelewesha malipo. Mimi ndiye ninayeitwa mwandishi katika ploti hii, lakini kwenye kitabu hicho mwandishi ni yeye.

Usiku ule kwenye ngazi, kazi ya kweli ya Kiingereza ikaanza. Supamaketi ilikuwa imejiandika yenyewe, maneno yalikuwa tayari kwenye akiba. Mama yake halisi hakuwa na maneno yaliyotayarishwa. Marikiti ikabaki Marikiti. Sukuma tukaiacha sukuma, kwa sababu kabichi si sukuma. Tulipofika kwa niandikie nikampa neno la Kiingereza la kukopa dukani, neno halali kabisa ambalo hata benki zinalitumia. Akaliandika. Akalisoma kwa sauti. Akalifuta.

"Anko, hakuna mtu husema hivyo. Wanasema niandikie."

Akaandika: "write for me". Nikamwachia.

Mathe alisaini saa nne usiku, baada ya kusomewa yote kwa Kiswahili mara mbili.

Jumatano kitabu kikarudi. Kiwango alichopewa kilikuwa ME, yaani amefikia matarajio. Ile ya kwanza, na gari lake na mayai yake, nina hakika ingepata EE. Chini ya "write for me" kulikuwa na mstari mwekundu, na pembeni swali la maneno mawili tu: aandike nini? Binti alikasirika. Mimi niliona ni swali zuri. Mtu mwenye vitabu vya darasa zima mezani alikuwa amesimama kwenye sentensi moja akataka kujua zaidi, na hilo halikuwahi kunitokea na gari la baba.

"Hajakwambia ni kosa," nikamwambia. "Amekuuliza. Mjibu."

Akakaa nalo hadi taa za nyumba za chini zikazimwa. Aliongeza sentensi tatu, ambazo kwa Kiswahili zinasema hivi: Wateja wasio na pesa humwambia mama aandike. Yeye huandika jina na kiasi kwenye kitabu kama hiki changu. Wengine huhama usiku bila kulipa, lakini mama hafuti majina yao, kwa sababu anasema mtu anaweza kurudi.

Sikuwepo darasani Ijumaa, kwa hivyo hii ni ripoti yake. Kikundi chake kilikuwa na watoto sita. Alipofika kwenye "write for me" wote wakapasuka kicheko, kwa sababu hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mvulana mmoja akasema kwao wao ndio huandikwa. Mwingine akasema baba yake ana duka, na ukutani amebandika karatasi inayosema hakuna deni leo, lakini deni lipo kila leo. Mwalimu akaja kuuliza kelele ni za nini. Wakamweleza wakianza kwa Kiingereza na kuishia kwa Kiswahili, naye hakuwakatiza. Akasema hata yeye ana ukurasa wake mahali. Kisha akawaambia waandike ubaoni maneno mengine ya sokoni yanayokataa kuhama, wakapata "nyongeza" na "bei ya mwisho" kabla ya kengele kulia.

Jioni akapanda ngazi kabla ya wenzake, bila begi.

"Anko, insha ya wiki hii ni ya jirani. Uko free Jumapili?"

Nikamwambia aje, lakini aje mapema, kwa sababu swali la kazi ninayofanya litachukua muda.

"Sawa," akasema. "Na mum ameuliza kama wamekulipa."