Kizibao cha Madoa

Likizo ya Juni niliwapeleka wanangu wawili Singida kwa bibi yao. Tulipanda treni ya SGR asubuhi Dar es Salaam, tukashuka Dodoma na kutafuta basi. Wazazi mnaosafiri na watoto mnajua: hadi Dodoma ni raha, baada ya hapo ni maswali ya "bado?" mpaka mwisho wa safari. Ukishapita Manyoni upepo unaanza kupiga madirisha. Ukifika Ikungi unaona mashamba ya alizeti yaliyokwisha kuvunwa, na vichwa vyake vimeanikwa uani kwenye maturubai. Halafu yanakuja yale mawe makubwa ya Singida, yamekaa kati ya nyumba kama wageni waliokataa kuondoka.

Singida ni nyumbani kwa kuku wa kienyeji. Wanasafirishwa kwenye matenga hadi Dar es Salaam, na hotelini mhudumu akitaka kusifia supu yake anakwambia ni kuku wa Singida. Kwa hiyo binti yangu wa miaka 11 alipofika uani kwa bibi yake alisimama, akazungusha macho, akauliza, "Bibi, kuku wengine wako wapi?"

Safari iliyopita walikuwa zaidi ya 30. Sasa alikuwapo jogoo mmoja aina ya kuchi, mrefu, mwenye shingo ya kiburi, na matetea 4. Wote wanne walikuwa wamepungua manyoya mgongoni, lakini tetea mmoja, Madoa, alitia huruma. Kuanzia mabegani hadi karibu na mkia hakuwa na unyoya. Ngozi ilikuwa nyekundu, na ubavuni palikuwa na mkato wa kipi cha jogoo.

"Huyo ndiye mboga yenu ya Jumapili," mama akasema.

Jogoo anapompanda tetea husimama mgongoni kwa kucha na kumshika manyoya ya shingo kwa mdomo. Akiwa na matetea 8 au 10, kazi inagawanyika na hakuna anayeumia. Huyu alikuwa nao 4 tu. Tena unyoya uking'oka wote huota baada ya wiki chache, lakini ukikatika, kisiki hubaki palepale mpaka kuku afike wakati wa kubadilisha manyoya. Ndiyo maana mgongo wa Madoa ulikuwa wazi kwa miezi.

Kumuuza jogoo mama hakutaka hata kusikia. Jogoo aliyenusurika kideri, alisema, hauzwi.

Binti yangu akaleta simu. Alikuwa ameona video za wafugaji wa Marekani wanaowavalisha kuku vitambaa mgongoni, kama tandiko. Mama akatazama, akarudisha simu. "Kwani huyu ni punda?" Lakini Madoa ni mlezi wake hodari, na nadhani naye alikuwa anatafuta sababu. Jumapili tulikula maharage.

Kidonda kwanza. Tulikiosha kwa maji ya chumvi, tukakipaka ile dawa ya GV ya zambarau, maana kuku wakiona wekundu hudonoa, na tukasubiri kikauke. Usifunike kidonda kibichi. Huku tukisubiri, mtoto akakata suruali ya jinzi iliyochoka, na fundi cherehani wa jirani akampa vipande vya kitenge vya kutilia bitana. Umbo lake ni kama ulimi mpana, urefu wa sentimita 20 hivi, na mikanda miwili ya lastiki ya kupitishia mabawa.

Cha kwanza kilishindikana. Lastiki ilikaza, na Madoa akatembea kinyumenyume mpaka akagonga chungu cha maji. Kitufe nacho kiling'aa, wenzake wakakidonoa. Cha pili binti alikishona akihakikisha vidole viwili vinapita chini ya mkanda, kitufe akakiacha, nyuzi zote akazikata fupi zisinase kucha. Akakikomesha kabla ya mkia, kwa sababu pale juu ya mkia kuku ana tezi ya mafuta anayojipaka manyoya. Mama akakiita kizibao. Kila jioni kilivuliwa ili kutafuta chawa.

Jogoo alimpanda siku hiyohiyo. Kucha zikaishia kwenye jinzi.

Usiku, tukiota moto, mtoto akauliza waliokufa walikuwa hawajachanjwa?

Chanjo ya kideri ni tone moja jichoni, kila baada ya miezi 3. Chupa moja hutosha kuku wengi, kwa hiyo majirani huchanja pamoja kwa zamu za kununua. Mwaka jana zamu ilikuwa ya mama, na mama aliniomba mimi. Nilimwambia mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi kulikuwa na ada, uliofuata kulikuwa na kodi ya nyumba. Septemba, upepo ukiwa mkali, kideri kikapita. Hakikuchagua banda la mama peke yake.

Mama alichokoa moto. "Chanjo ilichelewa," akasema. Hakunitazama.

Kabla ya kuondoka nilikwenda mjini duka la dawa za mifugo, nikarudi na chupa ndani ya chupa ya chai yenye barafu. Majirani wakaja, kila mtu na kuku wake wachache kwapani. Walinisalimia vizuri, na hilo lilinichoma zaidi. Binti yangu alishika kidonyezi. Mzee mmoja alimtazama Madoa sana, kisha akauliza kama kizibao kile kinazuia na mwewe.

Juzi mama amepiga. Madoa analalia mayai 11. Amemvua kizibao, amekifua, kipo kwenye kamba pamoja na kanga zake. Kisha akaniuliza tarehe ya chanjo inayofuata, ingawa anaijua.