Kirangozi na Wapagazi Wake

Ndugu mwanafunzi, kabla hujakariri kanuni za methodi inayopokea idadi yoyote ya thamani, nikusimulie kosa langu.

Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha hapa Kwihara, niliandika programu ya Java ya kutafuta wastani wa alama za kidato cha nne. Methodi yangu ilipokea alama saba kamili, kwa kuwa wengi walifanya masomo saba. Waliofanya nane au tisa niliwaingizia saba za mwanzo tu, nikijiambia nitarekebisha baadaye. Matokeo yalipobandikwa, binti mmoja alinifuata na karatasi zake mkononi.

"Shikamoo mwalimu. Mimi nimefanya masomo tisa. Kemia na Biolojia zimekwenda wapi?"

Hayo ndiyo aliyofaulu zaidi. Niliona aibu. Usiku ule niliiandika upya:

static void wastani(String jina, int... alama) {
    if (alama.length == 0) {
        System.out.println(jina + ": hana alama");
        return;
    }
    int jumla = 0;
    for (int a : alama) jumla += a;
    System.out.println(jina + ": " + (double) jumla / alama.length);
}

Nukta tatu, zilizoingizwa katika Java mwaka 2004, zinaruhusu alama ziwe nyingi, moja, au zisiwepo kabisa. Shika mambo matatu:

1. Kigezo chenye nukta tatu ni kimoja tu, nacho hukaa mwisho. Kwihara ilikuwa kituo cha misafara ya Ujiji. Tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872 akisubiri wapagazi leo ni makumbusho. Njiani kirangozi alitangulia, wapagazi wakafuata, wawe ishirini au mia mbili. Hapa jina ndilo kirangozi, na alama ndizo wapagazi.

2. Ndani ya methodi, alama zote zimo katika safu moja. Idadi yake ni alama.length. Usigawe kwa 7 uliyoizoea.

3. Mwanafunzi aliyekosa mitihani yote ana safu tupu. Kagua kwanza, usije ukagawa kwa sifuri.

Yule binti alipanda nafasi, na wengine kadhaa pamoja naye. Niliwaomba radhi darasani.

Zoezi: Andika methodi kubwa(int... n) inayorudisha namba kubwa kuliko zote. Ijaribu kwa namba moja, kwa tisa, kisha kwa namba hasi tupu. Ukianza na int k = 0, jaribio la mwisho litakuumbua. Eleza kwa nini.