Ngitili: Akiba ya Majani Katika Nchi ya Shinyanga

Msomaji mpenzi, ukisafiri Shinyanga mwezi wa Septemba, utaona nchi tambarare yenye mavumbi, na mawe makubwa yamepandana kama yaliyowekwa kwa mkono. Jua ni kali. Ng'ombe watembea vichwa chini wakitafuta jani. Halafu, kando ya njia, waona msitu mdogo: migunga imesimama, na chini yake majani makavu yafika magotini. Hakuna ukuta wala seng'enge, wala hakuna ng'ombe ndani. Hapo usipite bila kuuliza. Hiyo ndiyo ngitili.

Ngitili ni desturi ya zamani ya Wasukuma. Mvua zinapoanza, yapata mwezi wa Novemba, mtu au kijiji hutenga sehemu ya malisho na kukataza mifugo isiingie. Majani hukua, hukomaa, huangusha mbegu. Katikati ya kiangazi, malisho mengine yanapokwisha, hufunguliwa sehemu kwa sehemu; ndama, ng'ombe wagonjwa na maksai wa kulimia hutangulia. Akiba haiozi.

Je, desturi njema hii ilipoteaje? Wakati wa ukoloni miti ilifyekwa mahali pengi ili kuangamiza mbung'o. Kisha mashamba ya pamba yakaongezeka, na ng'ombe nao wakaongezeka. Miaka ya 1970 watu walipohamia vijiji vya pamoja, wengi waliziacha ngitili zao mbali, zikabaki bila mwenyewe. Nchi ikawa kavu hata Mwalimu Nyerere akaiita Jangwa la Tanzania.

Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI. Mabwana misitu hawakutegemea kupanda miche tu. Waliwasikiliza wenyeji, wakaisaidia desturi yao irudi. Mahali palipofungwa, visiki na mizizi iliyolala ardhini ilichipua yenyewe. Mwaka ule zilijulikana hekta 600 hivi za ngitili. Kufika mwaka 2004 zilikuwa zaidi ya hekta 300,000, katika vijiji 833 vya Shinyanga ya wakati ule, ambayo sehemu yake sasa ni Mkoa wa Simiyu. Akina mama wakapata kuni karibu na nyumbani. Zikapatikana nguzo, dawa, asali na mboga za porini.

Tena sera ya nchi ikafuata njia hiyo. Sera ya Taifa ya Misitu ya mwaka 1998, na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, zimewapa wanakijiji haki ya kutenga msitu wao wa asili, kuchagua kamati ya kuutunza, kujiwekea sheria ndogo na kutumia mapato yake.

Lakini usidhani kazi imekwisha. Sheria ni karatasi. Msitu hulindwa na watu. Mti uliokua miaka kumi na mitano waweza kuingia katika tanuri la mkaa siku moja. Vijana wataka mashamba, na ardhi haiongezeki. Tena kuna jambo la haki: mwenye ng'ombe mia hufaidi majani kuliko mjane asiye na hata mbuzi. Ngitili ya kijiji ikiwanufaisha matajiri peke yao, maskini atailinda kwa sababu gani? Basi mahali penye busara, mkutano wa kijiji hupanga siku za kuokota kuni, na majani huuzwa ili fedha zijenge darasa au zahanati. Anayeingiza ng'ombe kabla ya wakati hutozwa faini, awe mkubwa au mdogo.

Wewe nawe, msomaji, hata kama kwenu si Usukuma, tazama kijijini kwako. Je, kuna kipande cha pori kilichobaki? Ni cha nani, na nani akilindaye? Ulizeni neno hilo katika mkutano ujao, kabla shoka halijajibu.