Usiku wa Matumbawe Nyansiongo

Wahenga walinena kuwa mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Methali hii ya mabaharia tunaisoma madarasani na kuijibia maswali ya mtihani, aghalabu bila ya kumfahamu hata mtu mmoja aliyewahi kuishi kwa bahari. Mimi nilibahatika kumfahamu mmoja. Tena sikumfahamia Lamu wala Mombasa, bali Nyansiongo, katika eneo la Borabu, Kaunti ya Nyamira. Huko ni nyanda za juu, takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari; ni nchi ya majani chai na baridi ya alfajiri. Mashamba yake mengi yalikuwa ya walowezi hadi miaka ya 1960, Abagusii walipoyapata na kuhamia huko. Kutoka hapo hadi ufuo wa Bahari Hindi ni zaidi ya kilomita 600.

Mtu ninayemtaja ni mdogo wake baba, nami humwita Tata, kama desturi yetu ilivyo. Alikuwa karani bandarini Mombasa kwa miaka mingi, na alipostaafu mwaka wa 2019 alirejea kwenye boma la wazee wake. Alirudi na vitu vichache, na Kiswahili ambacho sisi tunaojiita wanafunzi wa lugha tulikionea wivu. Baada ya miaka miwili hivi alituma tangi la kioo kutoka Nairobi, akalijaza maji na kulitia chumvi ya bahari inayouzwa kwa mifuko, gramu 35 hivi kwa kila lita. Ndani yake aliweka samaki wawili na vipande vya matumbawe vilivyooteshwa kwenye matangi na kuuzwa kwa vibali halali. Jirani zake walidhani mzee amepungukiwa na akili. Wengine walikuja kutazama, wakakaa kimya, kisha wakaomba kuja tena na watoto.

Kuifuga bahari mlimani si kazi nyepesi. Matumbawe hutaka maji yenye joto la nyuzi 25 hivi, ilhali usiku wa Nyansiongo ni wa kujifunika mablanketi mawili. Hivyo Tata alinunua kipasha maji, pampu ya kuyazungusha, na betri kubwa ya kuokoa jahazi stima inapopotea. Ila kilichozua mjadala nyumbani si gharama hizo. Ni taa ya buluu.

Msomaji huenda akauliza, kwa nini buluu? Maji ya bahari huumeza mwanga kwa ubaguzi. Rangi nyekundu huwa karibu imetoweka kabla ya kufika kina cha mita 10, lakini katika maji safi buluu hushuka mbali zaidi, hadi kilindini. Nililisikia neno hilo, nikakumbuka kuwa bandari ya Kilindini imepata jina lake kutokana na kina cha maji yake. Ndani ya nyama ya matumbawe mengi huishi mwani mdogo mno usioonekana kwa macho, unaotengeneza chakula kwa usanisinuru na kumgawia mwenyeji wake. Mwani huo hutumia vizuri mwanga wa buluu. Aidha, matumbawe mengine yana protini zinazopokea buluu na kuirudisha ikiwa kijani au rangi ya machungwa. Ndiyo maana chini ya taa hiyo kipande kilichoonekana mchana kama jiwe la kahawia huwaka mithili ya kaa la moto. Ama kweli, ni uzuri wa kumsahaulisha mtu usingizi.

Na usingizi ndio uliokuwa umemkimbia Tata. Mombasa alizoea usiku wa taa na sauti: ving'ora vya meli, adhana ya alfajiri, wachuuzi wa kahawa. Usiku wa Nyansiongo ulimwelemea kwa ukimya wake. Akawa anaiacha taa ya buluu ikiwaka tangu magharibi hadi kuchwee na kukuche, naye ameketi mbele yake kwenye kiti cha mkono. Kutoka barabarani dirisha lile lilionekana kama kipande cha mbingu, na watoto wakaibandika nyumba jina la Nyumba ya Mbalamwezi. Tata alifurahia jina hilo. Alishikilia kwamba taa yake ni mwezi, na bahari haikosi mwezi.

Baada ya miezi kadhaa matumbawe yalianza kusinyaa. Mwani wa kijani ulitanda kwenye vioo, na samaki wakawa wanajibanza pembeni saa zote. Nilipokuwa likizoni alinituma nitafute sababu, maadamu mimi ndiye niliyekuwa karibu na maktaba.

Niliyoyasoma yalinistaajabisha. Kwanza, mbalamwezi si buluu. Ni mwanga wa jua uliogonga uso wa mwezi na kurudi, na hata umeelekea wekundu kidogo kuliko jua lenyewe. Sisi huuona kama samawati kwa sababu katika giza macho yetu huhisi zaidi rangi za upande huo. Pili, mwezi mpevu hufifia mara 400,000 hivi ukilinganishwa na jua la mchana, hivyo taa yoyote inayoturuhusu kulistarehea tangi imekwisha kuupita mwezi kwa mbali. Tatu, matumbawe hujua saa. Mwaka wa 2007 wanasayansi walitangaza kuwa tumbawe lina protini zinazohisi mwanga wa buluu, ambazo huenda ndizo zinazolisaidia kuutambua mwezi. Spishi nyingi huachilia mayai yao baharini kwa kufuata mwezi. Na mwaka wa 2023 utafiti uliochapishwa ulionyesha kuwa taa za miji zinazomulika miamba huyafanya matumbawe yazae siku moja hadi tatu nje ya wakati wake.

Nilimweleza Tata. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, taa hiyo haikuwekwa kwa ajili ya matumbawe. Iliwekwa kwa ajili yangu."

Sikuwa na jibu. Ni nani angemwambia mzee aliyepoteza bahari azime kile kidogo kilichombakia? Mama mdogo, aliyekuwa akimenya ndizi, hakusema neno. Kwa upande mwingine, Tata mwenyewe ndiye aliyenisimulia jinsi mwaka wa 1998, bahari ilipopata joto kupita kiasi, matumbawe mengi ya pwani ya Kenya yalivyopauka na kufa. Alilisimulia tukio hilo kama mtu anayehesabu misiba ya ukoo wake. Hakutaka kuyaua mengine sebuleni.

Siku iliyofuata tulikuwa tukizungumzia mambo mengine kabisa: maneno. Nilimtaka anifafanulie tofauti ya bamvua na maji mafu, kwa kuwa kamusi ilikuwa imeniacha nusu njia. Akanieleza kuwa bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapopevuka. Maji hujaa sana na kupwa sana. Katikati yake huja maji mafu, yasiyo na nguvu. Nikamuuliza, "Na bamvua la mwezi mchanga, usiku wake unakuwaje?"

"Giza totoro," akajibu. "Hata mkono wako huuoni."

Akanyamaza. Mama mdogo akaongeza bila ya kuinua macho kwamba hata wauza omena wa sokoni hulijua giza hilo: wavuvi wa Ziwa Victoria huenda na taa zao usiku usio na mwezi, na mwezi unapokuwa mkubwa omena huadimika. Tata akacheka kwa mara ya kwanza tangu niwasili. Jibu tulilokuwa tukilitafuta vitabuni alikuwa nalo siku zote, limefungwa ndani ya neno moja la Kiswahili. Bahari haikosi mwezi, lakini pia haikosi usiku.

Tulikubaliana hivi. Taa ya buluu itawaka saa mbili tu baada ya magharibi, kisha izimwe. Siku chache za mwezi mpevu kiachwe kimwanga hafifu mno. Siku nyingine zote tangi lilale gizani. Tata alitundika kalenda ukutani na kuichora mwezi kwa mkono wake.

Baada ya wiki tatu hivi alinipigia simu usiku wa manane. Alikuwa amemulika tangi kwa kurunzi aliyoifunika kitambaa chekundu, na matumbawe yalikuwa yametoa minyiri yake yote, yakinasa chakula majini. Mengi huchanua hivyo gizani. Kwa miezi yote aliyokesha mbele ya taa, hakuwahi kuliona jambo hilo mara moja.

Wenzangu wa chama hiki, tumezoea kuyahesabu maneno kama bamvua kuwa msamiati wa pwani, wa kukaririwa na wasiokuwa wenyeji wake. Waama, kila neno la namna hiyo ni ujuzi wa watu walioitazama bahari kwa karne nyingi. Wazee wanaoujua hawapo pwani pekee. Wengine wamesharejea makwao, Nyansiongo, Bungoma na Machakos. Tuwaulize mapema. Tata bado hulala kwa shida, lakini anasema sasa husikia pampu ikinguruma gizani, na akifumba macho huidhania kuwa ni maji kujaa.