Kisu Kikali Peke Yake Hakitoshi: Safari ya Kukata Majani Karibu na Kitale

Wasomaji wengi wamepata kupita njia itokayo Eldoret kwenda Kitale. Ni mwendo wa kilomita 70 hivi. Msafiri akisha kuvuka mto Nzoia pale Moi's Bridge, mji ambao zamani uliitwa Hoey's Bridge, huona mashamba ya mahindi pande zote mbili za njia, na Mlima Elgon upande wa magharibi, na milima ya Cherangani upande wa mashariki. Nchi hii husifiwa kwa mahindi. Lakini mimi mwezi wa Novemba uliopita sikwenda kutazama mahindi. Nalikwenda kwa sababu ya majani, na kwa sababu ya deni.

Habari yenyewe ni hii. Baba yangu mdogo ana shamba la ekari 9 chini ya milima ya Cherangani, naye hufuga ng'ombe 6 wa maziwa. Katika ekari 4 amepanda majani ya Rhodes ya aina ya Boma, ambayo ilichaguliwa na wataalamu wa utafiti hapo hapo Kitale. Upande ule mvua huanza Machi au Aprili, ikaendelea hata Oktoba au Novemba. Kisha huja kiangazi, na ng'ombe asiyewekewa majani makavu hukonda na maziwa yake hupungua.

Miaka miwili iliyopita mimi ndimi niliyemshauri anunue mashine kuukuu ya kukatia majani, ile ifungwayo kwenye trekta, yenye kisu kirefu cha meno kinachokwenda huku na huku. Fedha nalizikopa mimi katika chama chetu cha akiba na mikopo, na hata leo hukatwa mshahara kila mwezi. Mwaka wa kwanza kazi ilikuwa njema. Mwaka wa pili mashine ikaharibika tabia: ikawa inayalaza majani badala ya kuyakata, na mashina mengine ikayang'oa pamoja na mizizi. Kazi ya siku moja ikachukua siku 5, na siku ya sita mvua ya mwisho ikanyesha juu ya majani yaliyolala chini, yakaoza. Mwezi wa Februari baba mdogo akauza mtamba wake mzuri ili apate fedha za kununua majani ya watu.

Basi mwaka huu akanipigia simu akasema, "Mwanangu, mnunuzi wa vyuma vikuukuu atakuja Jumatatu kuichukua ile mashine. Njoo tuzungumze juu ya deni lako." Nikaomba ruhusa ofisini, na Ijumaa jioni nikapanda gari.

Nalifika usiku. Asubuhi nikamkuta mdogo wangu, mwana wa baba mdogo, ameketi kwenye kibaraza na tupa mkononi. Alikuwa amenoa kisu tangu juzi, na makali yake yalikuwa yakimeremeta. Nikafurahi, nikasema moyoni kwamba taabu yetu imekwisha. Tukaita trekta ya jirani, tukaingia shambani. Hatukwenda hatua 20 majani yakaanza kusongamana kwenye kisu, na nyuma yetu mashina yakabaki yameinama, ncha zake zimechanikachanika kama kamba iliyotafunwa na mbuzi. Baba mdogo hakusema neno. Alitazama tu, akageuka kurudi nyumbani.

Hapo akaja mzee mmoja wa jirani, ambaye katika ujana wake alifanya kazi ya ufundi katika mashamba makubwa ya upande ule. Mkono wake wa kuume hauna vidole viwili. Baada ya kuamkiana hakutazama kisu hata kidogo. Kwanza aliamuru trekta izimwe na ufunguo utolewe. Kisha akalala chini kifudifudi, akatazama chini ya kisu. Nami nikakumbuka kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Akaniuliza, "Bwana Karani, wewe ofisini unakata karatasi kwa nini?"

Nikajibu, "Kwa mkasi, Mzee."

"Mkasi una makali mangapi?"

"Mawili."

"Basi ninyi mmenoa moja. La pili hili hapa chini limekufa."

Akanionyesha. Mbele ya kisu pana safu ya vidole vya chuma vinavyoyagawa majani. Ndani ya kila kidole pana bamba dogo lenye makali, lisilosogea. Jino la kisu hupita juu ya bamba hilo, na hapo ndipo jani linapokatwa, kama vile katika mkasi. Mabamba yetu yalikuwa yameliwa hata kingo zake zikawa za mviringo. Tena vile vibano vinavyokikandamiza kisu kutoka juu vilikuwa vimelegea, basi kisu kikawa kinaelea juu ya mabamba, na majani yakapenya katikati yakakunjika. Makali yale yote aliyoyatengeneza mdogo wangu yalikuwa yanakata hewa.

Ufundi huu si wa jana. Mwaka 1831 Cyrus McCormick alijaribu mashine ya kuvunia huko Virginia, Marekani, naye Obed Hussey alipata hati ya uvumbuzi wa mashine yake mwaka 1833, yenye meno ya pembe tatu yapitayo ndani ya vidole. Trekta zimekuja baadaye, lakini kanuni ya kukata imebaki ile ile: jino liendalo juu ya bamba lililosimama.

Siku ile tulifanya kazi hata jioni. Nitaeleza jinsi tulivyofanya, kwa kuwa najua wako wasomaji wenye mashine za namna hii zilizotupwa nyuma ya ghala.

Kwanza tulikizungushia kisu magunia ndipo tukakichomoa, maana kisu hiki kikisukumwa kidogo tu upande mmoja, meno yote husogea pamoja. Mzee alinyosha mkono wake wenye vidole vitatu akasema kwamba trekta siku ile ilikuwa imezimwa, lakini yeye aliyaondoa majani kwa mkono badala ya kutumia kijiti. Hakuongeza neno, wala hatukumwuliza.

Kisu chetu ni cha futi 5, nacho kina meno 20, kila jino upana wa inchi 3. Meno 7 yalikuwa yamevunjika ncha au yamenolewa hata yakawa membamba mno. Jino la namna hiyo halifai kunolewa tena, yafaa kubadilishwa. Tuliweka upapi wa kisu juu ya taya za jiliwa, jino likining'inia katikati yake, tukalipiga nyundo mgongoni mpaka ribiti zikakatika. Mabaki ya ribiti tukayatoa kwa tindo butu, tukaweka meno mapya na kuyagongea ribiti mpya juu ya chuma kizito, ili jino lisicheze hata kidogo.

Meno mengine tukayanoa. Hapa mdogo wangu alijifunza kosa lake la pili. Alikuwa amenoa upande wa juu na upande wa chini pia, kama mtu anoavyo kisu cha jikoni. Jino hili hunolewa upande wa juu tu, penye ule mteremko, tena kwa kuufuata mteremko ule ule liliotoka nao kiwandani. Upande wa chini ni lazima ubaki sawa kabisa, kwa sababu ndio unaolala juu ya bamba. Hapo hupitishwa kinoo kilicholazwa, mara moja au mbili, kuondoa vinyuzi vya chuma tu. Anayetumia jiwe linalozunguka kwa umeme asikandamize sana, na achovye jino katika maji mara kwa mara. Chuma kikigeuka rangi ya samawati, ugumu wake umekwisha, na makali yake hayatadumu.

Baada ya hayo tukarudi kwenye vidole. Mzee alifumba jicho moja akatazama kutoka mwisho mmoja hadi wa pili, kama mwashi atazamavyo ukuta, na kidole kilichopinda akakinyosha kwa nyundo. Mdogo wangu alitumwa Kitale kwa pikipiki kununua mabamba mapya. Tukayafunga, tukarudisha kisu, tukavirekebisha vibano mpaka vikakishika kisu karibu na mabamba, lakini kisu kikaweza kusukumwa kwa mkono bila kukwama. Kikibanwa mno hupata moto na kuvunja mkono unaokisukuma.

Mambo mawili yakabaki. Kisu kifikapo mwisho wa mwendo wake, upande huu na upande huu, kila jino sharti lisimame katikati ya kidole chake. Na ncha ya nje ya mashine sharti itangulie mbele kidogo kuliko ile iliyo karibu na trekta, kiasi cha robo inchi kwa kila futi moja, kwa maana majani yenyewe huirudisha nyuma wakati wa kazi. Kwa mashine yetu ya futi 5 ilikuwa inchi moja na robo. Maneno haya nalikuwa nimeyasoma usiku katika kitabu kidogo kilichokuja na mashine. Kitabu hicho kilikuwa ndani ya sanduku la vifaa miaka miwili, hakuna aliyekifungua. Hata mimi niliyesoma hadi sekondari na kulipia mashine sikupata kukiuliza.

Jioni, jua likiwa juu ya Elgon, tukajaribu tena. Trekta ilikwenda polepole, na majani yakalala nyuma ya kisu kama mkeka unaokunjuliwa. Mashina yaliyobaki, urefu wa inchi 3 au 4, yalikuwa yamekatwa sawasawa. Baba mdogo aliinama akalipapasa shina moja kwa kidole gumba. Akasema, "Kumbe mtamba wangu nalimwuza kwa sababu ya vibamba hivi."

Sikuwa na la kumjibu. Bei ya mabamba, meno na ribiti haikufika hata robo ya bei ya yule mtamba.

Jumatatu mnunuzi wa vyuma alifika na mizani yake, akakuta trekta iko kazini. Aliondoka na meno 7 yaliyokwisha na mabamba mabovu, uzito ambao mtoto aweza kuubeba kwa mkono mmoja. Siku ya nne majani yalikuwa yamekauka, yakafungwa marobota, yakaingia ghalani kabla ya tone la mvua kuanguka.

Deni langu halijaisha. Bado nakatwa mshahara. Lakini sasa baba mdogo ana visu viwili, kimoja hufanya kazi na kingine kimenolewa tayari, maana kisu kimoja kikigonga chungu la udongo wa fuko au jiwe, kazi haisimami. Msimu ukiisha hukichomoa kisu, hukipaka grisi na kukifunga juu ya ubao, mbali na watoto. Na kile kitabu kidogo kinaning'inia kwa uzi ukutani mwa ghala, mahali pa kuonekana na kila mtu.

Ewe mwenzangu uliye na mashine kama hii, kabla hujamwita mnunuzi wa vyuma, zima trekta, toa ufunguo, kisha lala chini utazame.