Hesabu Hati, Usihesabu Siku

Jumapili, 12 Juni 2022
Mfalme wa Wabelgiji yuko hapa Bukavu leo, Panzi, hospitali ya Daktari Mukwege. Askari wamejaa barabarani, nami nimezunguka kwa vichochoro vya Kadutu na sahani ya bugali na sambaza chini ya kitenge. Mdogo wangu yuko kasho, mahabusu, tangu Alhamisi. Mwenye nyumba anasema amekula pesa ya simenti. Mdogo wangu anasema bei ilipanda kabla hajanunua. Kwangu mimi hilo ni deni. Karatasini wameandika kuvunja uaminifu, kifungo cha miezi 3 mpaka miaka 5.
Katiba, kifungu cha 18, inasema saa 48, kisha uachiwe au upelekwe mbele ya sheria. Saa 48 ziliisha jana. Jana ilikuwa Jumamosi.

Ijumaa, 17 Juni
Avoka, wakili wetu, amenichorea mgongoni mwa bahasha: hati ya magistra ya kumweka ndani, siku 5. Juji akikubali, siku 15. Kisha mwezi mmoja, kisha mwingine. Leo juji amekubali zile 15.
“Dada, usihesabu siku,” akaniambia, “hesabu hati.”
Sheria yenyewe ni ya tarehe 6 Agosti 1959. Wabelgiji waliondoka mwaka uliofuata. Karatasi zao zikabaki.

Ijumaa, 24 Juni
Sokoni leo habari ni moja tu: mwanasiasa Vital Kamerhe ameachiwa huru katika rufaa jana. Mama wa mboga amepiga vigelegele, maana ni mtoto wa hapa. Mimi nilikuwa nahesabu. Alikamatwa 8 Aprili 2020, kesi ikafunguliwa 11 Mei, na 20 Juni akapewa miaka 20. Siku 40 za kesi! Dhamana aliomba mara nyingi akanyimwa, akaja kuipata Desemba mwaka jana. Hata mkubwa kama yule, kesi ilikimbia na mlango haukufunguka.
Wetu hata tarehe ya kesi hana. Gereza alimo, lililojengwa kwa watu 500, lina watu zaidi ya elfu, na wengi wao wanangoja kama yeye.

Ijumaa, 1 Julai
Jana hakukuwa na kazi, taifa zima lilikuwa linamzika Lumumba, yaani jino lake. Leo juji ametamka: atoke kwa dhamana, dola 300. Asitoke Bukavu, aripoti parke, kwa waendesha mashtaka, kila Ijumaa, asikanyage bandarini.
Bandarini! Avoka anasema sheria yenyewe inataja stesheni na bandari. Stesheni hatuna. Bandari tunayo, na boti za Idjwi zinatokea hapo, na kazi zake zote za ujenzi ziko Idjwi.

Jumatatu, 4 Julai
150 nimezitoa kwenye likelemba, mchango wetu wa kupokezana, zamu yangu, zilikuwa za karo. 150 nimekopa kwa mama mmoja Nyawera, dola 15 za riba kila mwezi. Karani amehesabu noti moja moja, mbili akazikataa kwa kuchanika pembeni.
Nikamuuliza zinarudi lini. “Kesi ikiisha, mama.” Na kesi inaanza lini? Akanyanyua mabega.
Njiani nimepiga hesabu upya. Juji anadhani ameweka bei ya 300. Bei hasa ataiweka anayepanga tarehe za kesi, na huyo sijui hata ofisi yake ni ipi.
Ametoka saa kumi, amekonda, ananuka moshi. Ameomba chai kwanza.

Jumatano, 19 Oktoba
Kesi imeahirishwa mara ya tatu. Kwanza juji alihamishwa, kisha faili haikuonekana, leo mlalamikaji hakuja. Riba imefika dola 45. Mdogo wangu anabeba mchanga Cimpunda kwa nusu ya malipo ya fundi, na siku ya Ijumaa habebi kitu, anaenda kusaini.
Risiti ya zile 300 nilikuwa nimeiweka ndani ya Biblia. Panya wameanza kula Kutoka, nimeihamishia kwenye kopo la maziwa.